Magugu ya Yadi: Shajara ya Masika

Jumatatu, 17 Machi

Mvua imenyesha usiku kucha na yadi yote ya malori imeota magugu. Bosi ameniita saa mbili asubuhi. Wakaguzi wa mteja wetu mkubwa watafika mwanzoni mwa Aprili, na hataki waone jani hata moja. "Pulizieni dawa, ukuta hadi ukuta." Nimemwomba siku moja nizunguke kwanza. Amekubali huku macho yakiwa kwenye simu.

Nimezunguka na Babu mlinzi, ambaye yuko hapa tangu eneo hili la pembezoni mwa Arusha likiwa shamba la mahindi. Uzio wa kaskazini, malori yanapogeuzia, umejaa gugu karoti tupu, mengine yamefika magotini. Kwenye kokoto ni ndago. Kwenye maegesho ya pikipiki ni mbigili, na vijana wa bodaboda wanaotuletea nyaraka wamechoka kuziba pancha. Nyuma ya jiko kuna mnavu na mchicha pori, na hapo tumemkuta Mama Lishe ameinama, anachuma mboga ya mchana. Nimemweleza agizo la bosi. Ameniuliza, "Na hii nayo gugu?"

Nimechora ramani ya yadi kwenye karatasi ya katoni. Nyuma ya jiko nimeandika: hakuna kupulizia.

Jumanne, 18 Machi

Leo stoo. Dawa iliyobaki mwaka jana ni dumu moja la glaifoseti, lebo yake bado inasomeka, na chupa moja ya soda yenye kitu cha kijani kinachokaribia buluu. Chupa haina lebo. Ilikuwa rafu moja na sukari ya ofisini. Mtunza stoo hakumbuki aliyeileta. Fundi umeme, aliyekuja kuchukua waya, akaifungua anuse tujue ni nini. Nimemdaka mkono kizibo kikiwa kimeshatoka.

Rangi ile ndiyo iliyonitisha. Parakwati hutiwa rangi ya buluu, harufu ya kuchefua na kitapishi hukohuko kiwandani, kwa sababu watu wamekufa kwa kuidhania kinywaji. Funda moja linatosha kuua. Hakuna dawa ya kuizima ikishaingia mwilini, na mapafu huharibika siku baada ya siku mgonjwa akiwa na akili zake timamu. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2007. Iwe ndiyo iliyomo humo au siyo, sumu iliyohamishiwa kwenye chupa ya kinywaji imeshapoteza kila kitu ambacho kingemwonya mtu.

Nimevaa glavu, nimeisimamisha chupa kwenye ndoo ya mchanga na kuifungia kwenye kabati la chuma. Nimebandika karatasi: SUMU, USIGUSE. Barua ya kuomba maelekezo imepelekwa kwa mkono Ngaramtoni, kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Sukari yote ya rafu ile nimeiteketeza. Ofisi nzima imekunywa chai bila sukari, na watu wawili wamekuja kuniuliza kwa nini nisingeipepeta tu.

Jumatano, 19 Machi

Mapokezi nimekuta chombo cha kioo kimejaa maua madogo meupe. Dada wa mapokezi ameyachuma mwenyewe uzioni ili kupendezesha meza. Macho yake yalikuwa mekundu na alikuwa anapiga chafya mfululizo. Alisema ni mafua ya mvua.

Yalikuwa maua ya gugu karoti. Chavua yake huamsha pumu na mafua ya mzio, na ndani ya mmea mzima mna kemikali iitwayo partenini inayounguza ngozi. Huchanua ukiwa na umri wa mwezi mmoja hivi tangu kuota, na mmea mmoja mkubwa unaweza kumwaga mbegu 15,000 na zaidi. Ng'ombe au mbuzi akiula, maziwa hutoka machungu. Nimeuingiza mzigo wote kwenye mfuko, nimeufunga, na meza tumeifuta kwa kitambaa kibichi.

Dada amesononeka. Amesema ni kitu pekee humu ndani ambacho si cha kijivu. Kesho nitamletea bogenvilia za nyumbani.

Alhamisi, 20 Machi

Nimewakusanya wafagiaji kivulini nikawaonyesha gugu karoti, jani lake na ua lake, ili wajue wasichotakiwa kukishika kwa mkono mtupu. Kabla sijamaliza, mama anayefagia upande wa kaskazini amekunja mikono ya blauzi yake.

Kuanzia viganjani hadi kwenye viwiko ngozi imekuwa nene na nyeusi, imepasuka kwenye mikunjo, na juu yake kuna michirizi ya kujikuna usiku. Kope zimevimba. Hali hii anayo tangu masika ya mwaka jana. Amebadilisha sabuni ya kufulia. Jirani akamwambia ni damu chafu, akanywa mizizi. Duka la dawa likamuuzia krimu, ikatuliza kidogo, akarudi kazini, ikaanza upya. Muda wote huo amekuwa akiyang'oa yale magugu kwa mikono yake, kisha anayakausha na kuyafunga fungu la ufagio, kwa sababu mashina yake ni mepesi na hayamgharimu kitu.

Tumekaa vikao kuhusu dawa za kupulizia. Tuna fomu ya dawa, kabati la dawa, daftari la dawa. Huyu mama ameumizwa na mmea wenyewe, kabla hata bomba halijafika, na katika mafaili yetu yote hakuna mstari unaomhusu. Imeniuma sana. Nimemwandikia barua ya kwenda zahanati kwa gharama ya kampuni na kumhamishia ndani ya jengo kuanzia leo. Fagio zote za gugu karoti zimeingia kwenye mifuko.

Glavu za stoo ni za saizi moja, kubwa. Mama mwenye mkono mdogo akizivaa, ncha za vidole zinabaki tupu na shina linateleza. Kwa sasa wamezibana kwenye vifundo kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi. Nimeomba jozi za saizi ndogo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamdai mwajiri vifaa vya kujikinga, na glavu isiyomkaa mtu mkononi mimi siihesabu kuwa kifaa cha kujikinga.

Ijumaa, 21 Machi

Kijana wa bomba amefika. "Shikamoo mama." Amekuja na bomba la mgongoni la lita 16, la kaka yake, ambalo wiki iliyopita lilikuwa kwenye nyanya. Tumelisuuza kwa sabuni mara tatu, kisha nimemwambia alijaze maji matupu na azunguke nalo. Wosha ya chini imevuja. Alipolitua, shati lilikuwa limelowa kuanzia begani hadi kiunoni. Ni maji tu. Wosha mpya imepatikana kwa fundi pikipiki.

Baadaye nozeli imeziba. Akaichomoa na kuipeleka mdomoni apulize. Nimepaza sauti hadi Babu akatoka getini akikimbia.

"Mama, mbona wote tunafanya hivi?"

Najua kwamba wote wanafanya hivyo. Nimemkabidhi mswaki wenye brashi laini na kumwonyesha jinsi ya kuisugua ndani ya kopo la maji. Sindano nayo haifai, maana hupanua tundu na matone hutoka makubwa upande mmoja. Mswaki umefungwa kwa kamba kwenye mkanda wa bomba ili usipotee. Kijana amefunga Ramadhani, kwa hiyo tumekubaliana kazi ya ovaroli iishe kabla ya jua kupanda.

Jumamosi, 22 Machi

Hatukupulizia. Moshi wa jiko la Mama Lishe ulikuwa umelala chini kuelekea magharibi, na magharibi kuna jirani mwenye mizinga ya nyuki. Babu ameutazama moshi akasema, "Hautasimama leo, mwanangu." Haukusimama.

Basi tumeng'oa. Ardhi ya baada ya mvua haishindani na mkono, na gugu karoti hutoka na mzizi wake wote ukilishika chini kabisa ya shina. Lililochanua huvikwa mfuko kichwani kwanza, ndipo ling'olewe, mbegu zibaki ndani. Mbigili zimetoka kwa jembe na reki. Majani yaliyoota kati ya pevingi za mlangoni yamemwagiwa maji ya moto na mtu aliyevaa buti za mpira. Kufikia adhuhuri sehemu kubwa ya kile ambacho bosi alitaka kipuliziwe ilikuwa imeshafungwa mifukoni. Ndago peke yake imebaki. Ukiilima kwa jembe unagawanya vile viazi vyake vya ardhini, na kila kipande kinaota.

Sufuria la maji ya moto lilikuwa la jikoni. Limerudi kwa Mama Lishe likiwa na kokoto ndani, na wali wa mchana umechelewa.

Jumatatu, 24 Machi

Saa moja asubuhi nimemkuta mtunza stoo ameshatangulia kuandaa, kwa nia njema kabisa: ndoo ya bati, maji ya kuchota mtaroni, na kizibo cha dumu kuwa kipimo. Hatua chache kutoka hapo fundi alikuwa anachomelea bodi ya trela.

Glaifoseti ikikaa kwenye chombo cha bati lenye zinki hutoa gesi ya haidrojeni, na haidrojeni ikikutana na cheche hulipuka. Lebo inaonya hivyo, kwa herufi ambazo mzee mwenye macho kama yake hawezi kuzisoma bila miwani. Bado dawa haikuwa imemiminwa. Tumehamia upande wa pili, tumechukua ndoo ya plastiki na maji ya bomba, kwa sababu glaifoseti hujing'ang'aniza kwenye chembe za udongo na maji ya tope huimaliza nguvu kabla haijaona jani. Kizibo tumekirudisha kwenye dumu. Kikombe cha kipimo chenye mistari kilikuwapo tangu zamani. Kilikuwa kimeshikilia kalamu mezani kwa mhasibu.

Tumepulizia ndago za kwenye kokoto tu, nozeli ikiwa chini, imevikwa kinga ya plastiki, na ukanda wa mita 5 kando ya mtaro tumeuacha. Tumeweka kamba na vibao kila upande. Tulipofika mwisho tumemkuta Babu ameketi ndani ya kamba na kiti chake. Pale palikuwa pametulia, alisema, watu wamekatazwa kupita. Tumemhamisha na kiti chake, na miguu ya kiti tumeiosha.

Saa nne na nusu mvua imeshuka. Lebo inataka saa 6 za ukavu. Sirudii kupulizia leo wala kesho. Tutangoja tuone kilichoingia.

Jumatano, 26 Machi

Ovaroli ya kijana haikuwapo stoo. Alikuwa ameondoka nayo juzi kwenye mfuko wa plastiki. Nimempigia simu, nimepanda daladala hadi kwao.

Mama yake alikuwa uani, beseni moja mbele yake: ovaroli, na nguo za mtoto mchanga wa binti yake, pamoja. Nimemwamkia, tukakaa. Nilipomweleza, ametoa mikono majini polepole na kuifuta kwenye kanga. "Sasa mwanangu, mimi mfuaji ningejulia wapi?" Hakuna aliyekuwa amemwambia. Katika mafunzo yote ninayoyajua ya dawa za mashambani, anayefundishwa ni mpuliziaji, na anayefua nguo hayumo hata kwenye orodha ya waalikwa.

Maji yale tumeyamwaga kwenye shimo la kona, mbali na sukuma wiki zake. Nguo za mtoto zimefuliwa upya, zimesuuzwa tena na tena, zikaanikwa juani. Beseni nimelinunua kwake, na sasa ndilo la ovaroli, liko yadini, limeandikwa. Tangu leo nguo za kazi zinalala kazini na zinafuliwa kazini, na anayezivua anaoga kabla ya kuondoka. Kijana alipofika alikuwa mnyonge. Alitaka kesho yake aje kazini akiwa msafi, basi.

Ijumaa, 28 Machi

Bosi amepita kwenye kokoto. "Mbona bado ziko kijani? Ongezeni dozi mara mbili."

Nimemweleza pale pale tuliposimama. Dawa hii hupenya kwenye jani, ikashuka taratibu na chakula cha mmea hadi kwenye mizizi na viazi. Kwa ndago huchukua wiki moja hadi mbili kuonekana. Ukiizidisha, jani huungua upesi na dawa hukatikia njiani, viazi vikabaki salama chini, vinangoja mvua ijayo. Fedha imekwenda, udongo umebeba mzigo, na mpuliziaji amevuta hewa mbaya zaidi, yote bure. Amesikiliza. Hakusema ndiyo, ila dumu halikufunguliwa.

Jumatano, 2 Aprili

Tumerudi kutoka Idd. Ndago zimekuwa njano kwa mistari. Mahali tulipoanzia zimelala. Mahali tulipomalizia, ambapo mvua iliwahi, zimesimama. Tumerudia mistari ile tu, kukiwa kukavu, na dumu limeisha.

Limesuuzwa mara tatu, maji ya kusuuzia yamemiminwa kwenye bomba yatumike, kisha nimelitoboa chini kwa msumari wa moto. Papo hapo madai mawili yamefika. Fundi wa magari alikuwa amelitengea dizeli. Msaidizi wa Mama Lishe alikuwa amelipangia maji ya kunywa. "Dumu zima kabisa mmelitoboa!" Nimewaonyesha tundu wote wawili. Anayetaka maji nimemnunulia dumu jipya jeupe kwa fedha za matumizi madogo.

Fundi ameniuliza swali la maana: hii dawa inaleta kansa au haileti? Nimemjibu ninavyojua. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka glaifoseti kwenye kundi la vitu ambavyo yamkini vinasababisha saratani kwa binadamu. Wakala wa mazingira wa Marekani ukafikia uamuzi tofauti. Wataalamu hawajamaliza kubishana, na mimi nisingependa mfagiaji wa hapa awe ndiye wa kujaribiwa. Kwenye gugu linalong'oka kwa mkono wenye glavu, bomba halina kazi.

Jumamosi, 5 Aprili

Lori limerudi kutoka safari na tope limeganda ndani ya madigadi. Nimelikwangua kwa kijiti: ndani yake kuna vichwa vikavu vya gugu karoti. Tunang'oa uzioni huku tukiletewa mbegu kwa magurudumu, na bila shaka tunazipeleka nasi, hadi Singida na mbele. Gugu hili asili yake ni Amerika ya kitropiki. Halikuja huku kwa miguu.

Tumeanza kuosha magurudumu na madigadi kila lori linapoingia. Kufikia saa nane maji ya kuoshea yalikuwa yamepita chini ya uzio hadi kwenye maharage ya jirani. Nimekwenda kumwomba radhi, naye amenionyesha jinsi mteremko unavyokwenda, jambo ambalo ramani yangu haikuwa nalo. Sehemu ya kuoshea imehamishiwa juu, penye shimo la kokoto lililozibwa kwa magunia. Mbegu zitanaswa hapo, zitaota hapo, zitang'olewa hapo. Jirani ana haki ya kuingia kukagua wakati wowote.

Jumanne, 8 Aprili

Wakaguzi wamekuja. Wametaka kuona daftari: tarehe, eneo, dawa, kipimo, upepo, jina la mpuliziaji. Wameliona. Wametaka kuona kabati, wakakuta ile chupa ya soda bado imo kwenye ndoo ya mchanga. Barua yetu ilijibiwa wiki iliyopita, kinachosubiriwa ni gari la kuisafirisha kwa usalama, na hilo lilikuwa mikononi mwa idara yetu wenyewe. Wameandika hoja, na ni hoja ya haki.

Mmoja amesimama nyuma ya jiko akauliza kwa nini hapa pameachwa na majani. Mama Lishe alikuwa hapo na ungo wake. Amemjibu, "Hayo ndiyo utakayokula saa saba."

Alhamisi, 10 Aprili

Gari limepatikana, chupa imeondoka saa tatu na hati yake.

Mama wa kaskazini amerudi kutoka zahanati kwa mara nyingine. Ni ukurutu wa mzio, wamethibitisha. Ngozi imeanza kulainika upande wa ndani wa mikono, na usiku analala. Daktari amesema asilishike tena gugu hilo maishani. Bosi ameuliza kama akipona atarudi nje. Nimemsomea barua ya daktari mara mbili.

Ombi la glavu ndogo limerudi mezani kwangu bila sahihi, limeandikwa kwa kalamu nyekundu: kwa nini jozi mbili kila mtu? Nimeandika chini yake: moja inavaliwa, nyingine imeoshwa inakauka. Uzioni machipukizi mapya yameshatoa majani manne, na yatachanua kabla ya tarehe kumi ya mwezi ujao. Kesho saa mbili kasorobo nitakuwa mlangoni kwa bosi na karatasi hii, na mmoja wa wafagiaji akiwa amevaa glavu zilizopo, ili azione mwenyewe zinavyomkaa.